Samaki wa Kamusi na Samaki wa Sheria

Mtu wa Babati, mji ulio mbali na bahari, asemapo samaki humaanisha perege au kambale aliyevuliwa katika Ziwa Babati. Ziwa hilo lina viboko pia, wala hapana amwitaye kiboko samaki. Lugha ya kila siku imekwisha weka mpaka wake, nao wafahamika bila kamusi.

Sheria huweka mpaka mwingine. Sheria ya Kenya ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya mwaka 2016, ihusuyo bahari na maziwa, yafasili samaki kuwa mnyama au mmea wowote wa baharini au wa majini, pamoja na makombe, matumbawe, reptilia na mamalia wa baharini. Kwa fasili hiyo kasa ni samaki na mwani ni samaki. Na lau ingeletwa Babati ikasomwa neno kwa neno, kiboko naye angekuwa samaki.

Mtunga sheria ana udhuru wake: neno moja fupi, likirudiwa katika vifungu vingi, humwondolea kazi ya kutaja viumbe wote kila mara. Hata hivyo, fasili ya kamusi hueleza jinsi watu wasemavyo, na fasili ya sheria huamuru. Amri hiyo haivuki ukurasa ilimoandikwa. Msomaji huja na lugha yake. Mwanamke wa pwani aendaye mwambani maji yakipwa husema anachokoa pweza, hasemi anavua samaki. Akikuta tangazo linalokataza kuvua samaki, atapita bila kudhani kwamba ndiye aliyekatazwa, na huku adhabu yamngoja.

Jambo hili si la Kenya peke yake. Tangu mwaka 2021 Kiswahili kimewekwa kuwa lugha ya sheria za Tanzania, na sheria zilizotungwa kwa Kiingereza zapaswa kufasiriwa. Mfasiri akiandika samaki kila alipokuta neno la Kiingereza, atakuwa amehamisha maneno, na maana itabaki ng'ambo. Yafaa samaki aachiwe maana yake, kundi zima liitwe mazao ya majini, na walio ndani yake watajwe kwa majina: pweza, kaa, kasa, matumbawe, mwani. Vivyo hivyo kuchokoa kutajwe kando ya kuvua. Sheria itarefuka kwa mistari michache, lakini aliyekatazwa atajua kwamba ndiye aliyesemeshwa.