Kungoja Roketi Angani: Hesabu ya Rubani Mwanafunzi

Tarehe 29 Juni 2021, huko Cape Canaveral katika jimbo la Florida, roketi ya Falcon 9 iliyobeba setilaiti 88 ilisimamishwa zikiwa zimebaki sekunde 11 tu iruke. Injini zake zilikuwa salama. Kilichoikwamisha ni chombo kimoja cha anga kilichoingia katika eneo lililofungwa kwa ajili ya urushaji. Siku hiyo roketi haikuruka tena. Ilirushwa kesho yake. Mtu mmoja aliye nyuma ya usukani anaweza kuzuia kazi ya mamia ya watu, na kwa hiyo safari ya ndege ndogo kwenda kutazama roketi inastahili kuchambuliwa kwa makini, hasa anayeirusha akiwa bado anajifunza.

Florida ina shule nyingi za urubani. Kutoka Daytona Beach, Orlando au Melbourne, ndege ya mafunzo hufika jirani na Cape Canaveral kwa muda mfupi, na hakuna mwanafunzi asiyetamani kuona roketi ikipanda akiwa yeye mwenyewe angani. Nami naitetea safari hiyo. Ni somo zuri kuliko mengi, kwa sababu inamfundisha jambo gumu la urubani: kungoja tukio ambalo saa yake iko mikononi mwa watu wengine.

Kazi huanza ardhini. Kabla ya kila urushaji, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, hutoa tangazo kwa marubani, lile wanaloliita NOTAM, likieleza mipaka ya anga iliyofungwa na muda wake. Mipaka hiyo hutofautiana kati ya roketi moja na nyingine, kwa hiyo ramani ya wiki iliyopita haifai kutumika leo. Sehemu kubwa ya hatari huwa upande wa bahari, kwani roketi nyingi huelekezwa mashariki ili zifaidi mzunguko wa dunia, na vipande vikidondoka vianguke majini. Waitaliano walifuata hesabu hiyohiyo walipoweka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, ambako setilaiti ya Uhuru ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970. Rubani wa Florida basi hubaki magharibi, juu ya nchi kavu, akijiwekea nafasi ya ziada kabla ya mstari wa katazo. Akiukaribia mno, upepo mdogo tu unatosha kumvusha wakati macho yake yako kwingine.

Sasa tuje kwenye mafuta, maana hapa ndipo safari hufaulu au kuharibika. Tuchukue siku ya kweli: tarehe 6 Februari 2018, Falcon Heavy iliporuka kwa mara ya kwanza kutoka kituo cha 39A. Muda uliotengwa ulianza saa 7:30 mchana na kuisha saa 10:00 alasiri. Upepo mkali wa anga za juu ukafanya saa ya kuruka isogezwe mara kadhaa, na roketi ikaondoka saa 9:45.

Tuweke angani siku hiyo ndege ya Cessna 172 kutoka Daytona Beach, ikiwa na mwanafunzi na mwalimu wake, na tuseme ilipaa saa 7:00. Tangi zake zikijaa hutoa takriban lita 200 za kutumika, nayo hula kama lita 35 kwa saa. Kwenda ni nusu saa, kurudi ni nusu saa, na sheria inadai akiba ya dakika 30 za mchana ambayo haiguswi. Ikiwa tangi zilijazwa nusu, yaani lita 100, baada ya kutoa safari na akiba zinabaki lita 47 na nusu za kungojea. Hizo ni saa moja na dakika 20 hivi. Saa 8:50 ndege hii lazima igeuze, takriban saa nzima kabla ya roketi kuwashwa. Hata mwanafunzi akipunguza nguvu ya injini mpaka ndege ile lita 25 kwa saa, atafika saa 9:24 tu. Bado roketi iko chini.

Tangi zikijaa, mambo hubadilika: ndege hiyohiyo inaweza kungoja mpaka dakika ya mwisho ya muda uliotengwa, kisha irudi na mafuta ya kutosha. Lakini tangi zilizojaa zina uzito wa kilo zaidi ya 140. Anayealika marafiki wawili wakae viti vya nyuma mara nyingi hulazimika kupunguza mafuta ili uzito usizidi kiwango, na bila kujua atakuwa amepunguza muda wa kungoja. Njia iliyo bora zaidi ni kutua katika uwanja ulio nje ya eneo lililofungwa, kuzima injini, kufuatilia matangazo, na kupaa tena saa ikishakaribia na kuthibitika.

Angani nako kuna mambo yake. Mabawa ya Cessna 172 yako juu ya vichwa vya waliomo, na roketi hupanda haraka. Mwanafunzi hukaa kushoto. Akiruka kuelekea kusini, bahari inakuwa upande wa dirisha lake. Roketi ikishafichwa na bawa, mkono hutamani kuilaza ndege zaidi ili jicho liifuate. Hapo kuna hatari. Ndege ikipinda bila kushuka huku imelala digrii 30, mabawa hubeba asilimia 15 zaidi ya uzito wake. Ikilala digrii 45, hubeba asilimia 41 zaidi, na mwendo ambao chini yake mabawa hushindwa kuibeba hupanda kwa karibu asilimia 19. Ndege iliyokuwa inazunguka polepole ili kuokoa mafuta inajikuta ukingoni mwa mwendo huo, na anayeiendesha anatazama nje.

Dawa yake ni mgawanyo wa kazi: mmoja arushe, mwingine atazame. Kukabidhiana usukani kufanywe kwa sauti, hatua tatu: anayetoa aseme, anayepokea aitikie, anayetoa athibitishe. Aliyeshika usukani ana wajibu wa kuangalia pande zote, kwa kuwa ndege nyingine ndogo nazo ziko hapo na marubani wake huenda wote wameelekeza macho mashariki.

Roketi ikishapita, kishawishi kingine huzuka. Siku ile ya 2018, roketi mbili za pembeni zilirudi kutua Cape Canaveral kama dakika nane baada ya kuruka. Nani angekubali kuondoka kabla ya kuziona? Dakika hizo nazo ziingizwe kwenye hesabu mapema, pamoja na foleni ya kutua, kwa sababu waliokwenda kutazama hurejea viwanjani kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo ninapopima safari ya namna hii, nauliza swali moja: saa ya kugeuza iliandikwa wapi na lini? Ikiwa iliandikwa kwenye karatasi ya mpango kabla injini haijawashwa, na ikafuatwa, huyo ni rubani, hata kama aligeuza saa 8:50 na roketi ikaruka bila yeye. Ikiwa ilikuwa inaamuliwa angani, ikisogea kila roketi iliposogezwa, safari hiyo ilirushwa vibaya, hata kama aliyeirusha alirudi na picha nzuri kuliko zote. Walimu wa urubani wawaruhusu wanafunzi wao waende, na wawadai karatasi hiyo kwanza.