Montaji: Ni Kuhariri au ni Kuunga?

Mwaka juzi niliwapa wanafunzi wangu wa mwaka wa mwisho, hapa Bujumbura, kazi ya kuandika tahakiki ya filamu moja fupi. Mmoja wao, kijana hodari, aliandika kwamba uhariri wa filamu ile ulikuwa mzuri kwa sababu hakuona kosa lolote ndani yake. Nilichukua kalamu nyekundu nimsahihishe, kisha nikasita. Kosa halikuwa lake. Ni mimi niliyeandika ubaoni kwamba montage ya Kifaransa ni uhariri kwa Kiswahili, nikapangusa chaki mikononi na kuendelea na somo. Mwanafunzi alifuata alivyofundishwa: mhariri huondoa makosa, yasipoonekana makosa, basi kahariri vyema.

Kuhariri ni neno tulilolipata kwa Waarabu, nalo limekaa barabara katika magazeti na vitabu. Mwandishi huleta maandishi yake, mhariri huyapitia, akapunguza hapa na kunyosha pale. Lakini maandishi yalikuwapo kabla yake. Yafaa ikumbukwe kwamba Waarabu wenyewe, wafikapo kwenye sinema, hutumia sana neno lile lile la Kifaransa kwa matamshi yao, muntaj. Waliotuazima kuhariri hawakutosheka nalo mahali hapo. Sisi tumetosheka upesi mno.

Neno la Kifaransa limetoka katika kitenzi chenye maana ya kupanda, ambacho nacho chatokana na neno la Kilatini la mlima. Kutoka kupanda likaja kupandisha, na kutoka kupandisha likaja kusimamisha kitu kwa kuvitia vipande vyake mahali pake. Kwa hiyo fundi wa hapa aliyesoma Kifaransa, akikaza magurudumu na usukani wa baiskeli iliyotoka sandukuni, naye hufanya montaji. Hapo pana jambo ambalo uhariri haulifikii kabisa: kabla ya fundi, baiskeli haikuwapo. Palikuwa na vyuma tu.

Warusi walilichukua neno hili kwa Wafaransa pamoja na harufu yake ya karakana, wakaligeuza kuwa nadharia. Katika miaka iliyofuata Mapinduzi ya 1917, Lev Kuleshov alichukua uso mmoja wa mwigizaji Ivan Mosjoukine, uso usioonyesha jambo lolote, akauweka karibu na picha ya sahani ya supu, kisha karibu na picha ya jeneza. Inasimuliwa kwamba watazamaji walimsifu mwigizaji kwa kuonyesha njaa, kisha kwa kuonyesha huzuni. Njaa na huzuni hazikuwa usoni wala katika sahani. Zilizaliwa katika kiungo.

Sergei Eisenstein, aliyesomea uhandisi kabla ya kuingia katika tamthilia na sinema, alikwenda mbali zaidi. Katika filamu yake ya Mgomo, ya mwaka 1925, wafanyakazi wanauawa na askari, na katikati ya mauaji hayo tunaonyeshwa ng'ombe akichinjwa. Katika Manowari Potemkin, ya mwaka huo huo, simba wa jiwe aliyelala anaonekana kuamka na kuinuka mizinga inapolia. Ukweli ni kwamba ni sanamu tatu mbalimbali, tena hazimo Odessa panaposimuliwa kisa. Zilipigwa picha Alupka, huko Krimea. Hakuna simba aliyeinuka. Tunashangilia kitu ambacho hakuna kamera iliyokiona. Mwaka 1929 Eisenstein alieleza wazo lake kwa mfano wa maandishi ya Kijapani: alama ya jicho ikiwekwa pamoja na alama ya maji, maana yake ni kulia. Si jicho na maji, bali ni jambo la tatu.

Niliposoma hayo nilikumbuka jikoni. Mpishi wa Tanga anaunga mchicha kwa nazi, wa Kigoma anaunga kwa mawese, na ladha inayopatikana haimo katika mchicha peke yake wala katika nazi peke yake. Lugha yetu ilikwisha liona jambo hili zamani, ikaliita kuunga. Tena ikavipa jina moja, viungo, vitu vinavyokoleza chakula na maungio ya mwili. Napendekeza basi tuseme uungaji wa picha, na anayeifanya kazi hiyo awe muungaji. Uhariri tuwaachie wenye magazeti.

Najua litakaloulizwa. Pudovkin, mwenzake Eisenstein, aliona vipande vya filamu kama matofali yanayopangwa moja baada ya jingine, na Eisenstein alimpinga akisema si kupangana bali ni kugongana. Je, kuunga hakumwelemei Pudovkin? Nakiri kwamba kunamwelemea kidogo. Katika kuunga mna upatanifu ambao Eisenstein asingeupenda. Kwa hiyo tunapofundisha nadharia yake hasa, naona ni heri tuseme montaji, kwa tahajia yetu, na kumweleza mwanafunzi habari za ng'ombe na askari.

Imebaki maana ya Hollywood, ambayo ni finyu kabisa: picha fupi fupi zinazofuatana haraka, karatasi za kalenda zikianguka, magari moshi yakipita, ili miaka ipite katika dakika moja. Slavko Vorkapich alikuwa bingwa wake katika miaka ya 1930. Wanafunzi wetu wanaoangalia filamu za Kimarekani huijua maana hii peke yake, na wanapoisoma Manowari Potemkin huitafuta kalenda wasiione. Kwa maana hiyo sijapata neno linaloniridhisha. Yule kijana wa uhariri usio na kosa amependekeza mruko wa miaka, nami nimelitumia kwa muhula mmoja sasa, darasa likinicheka kidogo.