Andromeda Inakuja, Ulimwengu Unapanuka: Vipimo Vilisomwaje?

Katikati ya Novemba, mvua za Dodoma zikiwa bado hazijaanza, chagua usiku usio na mbalamwezi, ukae mbali na taa za jiji, pande za Bahi au Kongwa, mnamo saa nne kasorobo. Tazama kaskazini. Karibu nusu ya njia kutoka upeo wa macho hadi utosini utaona ukungu mdogo, mrefu kidogo kuliko upana wake. Hiyo ni Andromeda, galaksi iliyo umbali wa miaka nuru milioni 2.5. Sasa geuka kusini. Robo ya njia juu ya upeo kuna kijiwingu ambacho hakiondoki na upepo: Wingu Dogo la Magellan, galaksi jirani iliyo miaka nuru 200,000 hivi kutoka hapa. Kila kimoja hufika kilele cha njia yake angani dakika kumi tu mbali na mwenziwe.

Vijiwingu hivyo viwili vilibeba mzigo mkubwa katika hesabu iliyoamua kama ulimwengu unapanuka au unasinyaa. Kimoja kilitoa rula, kingine kikapimwa kwa rula hiyo. Ila Andromeda inatujia. Anayeuhukumu ulimwengu kwa galaksi hiyo peke yake atasema unasinyaa. Wataalamu waliishia kusema kinyume, na sababu imo katika namna walivyopima: kasi peke yake haikutosha, umbali peke yake haukutosha, na jibu lilitoka vilipowekwa pamoja kwa galaksi nyingi.

Kasi

Mwanga wa nyota ukipita kwenye prizimu hujitandaza kuwa utepe wa rangi, kuanzia zambarau hadi nyekundu, na ndani ya utepe huo huonekana mistari myeusi. Kila elementi ina mistari yake, na kila mstari una mahali pake pasipobadilika. Kalsiamu huacha mistari miwili mikali upande wa zambarau, mmojawapo ukiwa kwenye urefu wa wimbi wa nanomita 393.4. Ukikuta mistari hiyohiyo katika mwanga wa galaksi lakini imehama kuelekea bluu, galaksi inakuja. Ikiwa imehama kuelekea nyekundu, inaondoka. Kiasi cha kuhama ndicho kinachotoa kasi.

Wa kwanza kufanikiwa kuipima Andromeda hivyo alikuwa Vesto Slipher, katika kituo cha Lowell, Arizona, kuanzia Septemba 1912. Mwanga ulikuwa hafifu kiasi kwamba sahani moja ya picha ilibidi iachwe wazi kwa saa nyingi huku darubini ikiifuata galaksi angani. Mistari ilikuwa imehama kuelekea bluu kwa sehemu moja ya elfu. Kwa ule mstari wa kalsiamu, ni kama nanomita 0.4. Sehemu moja ya elfu ya kasi ya mwanga ni kilomita 300 kwa sekunde. Baadaye ilibainika kuwa sehemu kubwa ya kasi hiyo ni ya Jua letu linapozunguka kitovu cha galaksi yetu, Njia Nyeupe. Ukiitoa, inabaki kama kilomita 110 kwa sekunde, na bado Andromeda inakuja.

Slipher aliendelea. Kufikia mwaka 1917 alikuwa na galaksi 25 mkononi: 4 zinakuja, 21 zinaondoka. Mizani ilikuwa imelalia upande mmoja, lakini hukumu ilikuwa bado. Galaksi zilizo karibu huvutana. Andromeda na Njia Nyeupe zinasogeleana kwa uzito wao zenyewe, jambo lisilosema lolote kuhusu ulimwengu mzima. Ili kutenganisha mwendo wa kijirani na mwendo wa wote, ilibidi kujua galaksi ipi iko karibu na ipi iko mbali.

Umbali

Hapo ndipo kijiwingu cha kusini kinapoingia. Henrietta Leavitt, wa kituo cha Harvard huko Massachusetts, alichunguza sahani za picha zilizopigwa Arequipa, Peru. Katika Wingu Dogo la Magellan alikuta nyota za aina ya Sefeidi, ambazo hung'aa na kufifia kwa zamu isiyobadilika. Matokeo ya mwaka 1912 yalihusu nyota 25. Iliyo na haraka kuliko zote ilimaliza mzunguko wake kwa siku moja na robo, ya polepole kuliko zote kwa siku 127. Kadiri mzunguko ulivyokuwa mrefu, ndivyo nyota ilivyong'aa zaidi.

Ufundi wake uko katika uchaguzi wa mahali. Nyota zilizotawanyika ovyo angani humchanganya mpimaji: hii inaonekana hafifu kwa sababu ni dhaifu, au kwa sababu iko mbali? Ndani ya wingu moja nyota zote ziko umbali unaokaribiana, hivyo inayoonekana kung'aa zaidi kweli inang'aa zaidi. Baada ya hapo kazi ni kuhesabu siku. Mzunguko unakupa mng'ao halisi wa Sefeidi yoyote. Unaulinganisha na mng'ao unaoonekana, ukikumbuka kuwa umbali ukizidi mara mbili mwanga hubaki robo, na umbali unapatikana.

Mnamo Oktoba 1923, Edwin Hubble, akitumia darubini ya mita 2.5 ya Mount Wilson, California, aliona katika sahani ya Andromeda nukta aliyoidhania kuwa nyota iliyolipuka ghafla. Alipoilinganisha na sahani za nyuma, akakuta inang'aa na kufifia kwa zamu ya siku 31 hivi: Sefeidi. Hesabu yake ilitoa miaka nuru 900,000 hivi. Kipimo hicho kilikuwa pungufu sana, lakini kilitosha kuitoa Andromeda nje ya Njia Nyeupe. Leavitt na Hubble walifanya kazi mahali ambapo Wingu Dogo la Magellan halichomozi kabisa. Aliyeko Bahi anaiona rula na kilichopimwa kwa usiku mmoja, bila kusogea alipo.

Kuviunganisha

Mwaka 1929 Hubble aliziweka galaksi 24 kwenye grafu moja, umbali upande huu na kasi upande ule, nyingi ya kasi hizo zikiwa za Slipher. Nukta zilijipanga: iliyo mbali mara mbili ilikuwa ikiondoka kwa kasi mara mbili hivi. Kwa upande wa hesabu, njia ilikuwa imeshafunguliwa. Alexander Friedmann alionyesha mwaka 1922 kuwa milinganyo ya Einstein inaruhusu ulimwengu unaopanuka na unaosinyaa pia. Georges Lemaître, mwaka 1927, aliifunga milinganyo hiyo na kasi za galaksi zilizokwisha kupimwa.

Kwa nini mpangilio huo una maana ya kupanuka, wala si galaksi kutukimbia sisi? Chukua barabara ya Dodoma kwenda Singida kupitia Manyoni. Manyoni iko kama kilomita 120 kutoka Dodoma, na Singida kama 240. Tuseme barabara yote imerefuka maradufu kwa saa moja. Mtu wa Dodoma ataona Manyoni imesogea kilomita 120 na Singida 240: ya mbali imekwenda kasi mara mbili. Mtu wa Manyoni ataona Dodoma na Singida zote zimemkimbia kwa kilomita 120, huku na huku. Kila mmoja atadhani yeye ndiye kitovu, na hakuna aliyehama mji wake. Kilichorefuka ni njia, na mwanga unaosafiri katika njia hiyo hurefushwa pamoja nayo. Ndiyo maana mistari huhamia kwenye nyekundu.

Namba ya Hubble, hata hivyo, ilikuwa na kasoro ambayo miamba ya Dodoma yenyewe inaishuhudia. Alipata kasi ya kilomita 500 kwa sekunde kwa kila miaka nuru milioni 3.26. Ukirudisha mwendo huo nyuma, ulimwengu wote unakuwa na umri wa chini ya miaka bilioni 2. Majabali ya kati ya Tanzania yamo katika mwamba mkongwe ambao wanajiolojia huupa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Jiwe haliwezi kuuzidi umri ulimwengu uliolizaa. Ufumbuzi ulikuja mwaka 1952, Walter Baade alipoonyesha kuwa Sefeidi ni za aina mbili na zilikuwa zimechanganywa. Umbali wa galaksi ukaongezeka maradufu. Marekebisho mengine yalifuata, na leo namba hiyo iko karibu na 70, ikienda sambamba na umri wa miaka bilioni 13.8. Mpangilio wa nukta haukutikisika. Kilichokuwa kibovu ni alama za rula.

Pingamizi la mwanga uliochoka

Mwenye shaka anaweza kuuliza: pengine mwanga hupoteza nguvu njiani tu, ukawa mwekundu, bila chochote kupanuka? Fritz Zwicky alilileta wazo hilo mwaka huohuo wa 1929. Jaribio la kulipima liko wazi. Kama njia inarefuka, si urefu wa wimbi tu utakaorefuka. Muda kati ya tukio na tukio utarefuka vilevile. Supanova za aina ya Ia, yaani nyota zinazolipuka, hung'aa na kufifia kwa muda unaojulikana. Katika miaka ya 1990 ilionekana kwamba supanova ambayo mwanga wake umerefushwa mara moja na nusu nayo hufifia kwa muda uliorefuka mara moja na nusu. Mwanga uliochoka tu usingechelewesha saa.

Je, utageuka?

Kupanuka leo si ahadi ya kupanuka milele. Maada ikitosha, mvutano wake ungeupunguza mwendo, ukausimamisha, kisha ukaurudisha. Ikabidi ulimwengu uwekwe kwenye mizani, na sehemu ya kazi hiyo ilianzia pwani yetu. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha uhuru wake, satelaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikapewa jina la Uhuru. Ilikuwa ya kwanza kutengenezwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei za angani. Pamoja na mengine, ilionyesha kuwa makundi makubwa ya galaksi yamejaa gesi yenye joto la mamilioni ya nyuzi. Joto hilo hueleza mvutano unaoizuia gesi isitoroke, na mvutano hueleza uzito. Hesabu za miaka ya 1990, zikiwemo za makundi ya namna hiyo, zilielekea kwenye theluthi moja hivi ya maada ambayo ingehitajika kuusimamisha ulimwengu.

Mwaka 1998 timu mbili, moja ya Saul Perlmutter, nyingine ya Brian Schmidt na Adam Riess, zilitangaza matokeo ya supanova za mbali. Zilikuwa hafifu kuliko ilivyotarajiwa, kwa karibu robo, maana yake ziko mbali zaidi ya hesabu. Mwendo haukuwa unapungua, ulikuwa unaongezeka. Watatu hao walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2011. Kinachosukuma kimepewa jina la nishati ya giza, na matokeo ya mradi wa kupima galaksi uitwao DESI, ya mwaka 2024 na 2025, yameashiria, bila kuthibitisha, kwamba huenda nguvu yake inapungua.

Tuseme ulimwengu ungekuwa umegeuka juzi. Ishara isingeonekana kila mahali kwa pamoja. Mwanga wa galaksi za mbali sana uliondoka zamani, ulimwengu ukiwa mdogo kuliko leo, hivyo bado ungefika mwekundu. Zilizo karibu ndizo zingeanza kuonyesha bluu, na mpaka kati ya bluu na nyekundu ungesogea mbali zaidi kadiri miaka inavyokwenda. Kwa hiyo bluu ya Andromeda haitutishi: galaksi zilizo mbali kidogo kupita ujirani wetu, kila upande wa anga, ni nyekundu.

Kwa sasa haya yote ni hoja zilizojengwa juu ya picha ya wakati mmoja; hakuna aliyekwisha kuiona galaksi moja ikibadilisha wekundu wake. Allan Sandage alipendekeza kipimo hicho mwaka 1962. Mabadiliko ni ya sentimita chache kwa sekunde katika muongo mzima, na darubini ya mita 39 inayojengwa Chile inatarajiwa kuyatafuta. Waanzilishi wa kazi hiyo watapima mistari, wataihifadhi namba, na wengi wao watastaafu kabla kipimo cha pili hakijachukuliwa.