Fundi wa Kungoja

Watu wawili husimama wakitazamana. Mmoja huinua mkono, mwenzake naye huuinua wake; mmoja huinamisha shingo, mwenzake naye huinamisha. Ni mchezo wa kioo. Baada ya muda mwalimu hutoa sauti akiwa pembeni, “Badilisheni!”, na aliyekuwa akifuata sasa huongoza. Badilisheni tena, na tena, kwa kasi zaidi, hadi amri inakoma na kila mmoja anamfuata mwenzake anayemfuata yeye. Mikono inaendelea kupanda na kushuka, wala huwezi kusema nani aliyeianzisha.

Katika mbinu zote ninazozijua za kuwasaidia watu wazima wenye usonji kuzoeana na wenzao, sijaona yenye adabu kama hii. Mchezo haumdai mtu amkodolee mwenzake macho. Yanaweza kutua mkononi, begani, popote kazi ilipo. Wengi wenye usonji husema kumtazama mtu machoni huwachosha, au huwapotezea yale yanayosemwa. Hata hivyo kozi ngapi huanzia hapohapo! Tazama machoni, tabasamu, uliza swali, ngoja zamu yako. Mtu hukariri kanuni zote, kisha akifika kazini akaulizwa habari za wikendi, zinamtoka.

Mchezo wa kioo tunauhusisha na Viola Spolin wa Chicago. Kuanzia mwaka 1924 alijifunza kwa Neva Boyd pale Hull House, nyumba iliyowapokea wahamiaji maskini wa jiji lile. Boyd aliamini kwamba michezo ya jadi ya watoto ina elimu ndani yake. Waliocheza ukuti ukuti uani watamwelewa upesi: mtoto mkimya huingia duarani kwa kushikwa mkono tu, wala haulizwi kitu. Miaka ya mwisho ya 1930 Spolin akawa anasimamia maigizo katika mradi wa serikali, kati ya watoto wa mitaa ya wahamiaji, na michezo ikafanya kazi ambayo mihadhara isingeiweza. Kitabu chake cha michezo hiyo kikatoka 1963. Kabla ya hapo, mwaka 1959, mwanawe Paul Sills alishiriki kuanzisha Second City, jumba la vichekesho la Chicago, na dunia ikaijua michezo ile kama silaha ya wachekeshaji. Wangapi kati ya waliocheka walijua kwamba vichekesho vile vilikuwa na bibi yao katika kazi ya ustawi wa jamii?

Lakini mimi ninayempenda zaidi ni yule anayesimama pembeni. Spolin alitaka mwalimu aseme mchezo ukiwa unaendelea, maneno machache, bila kuusimamisha: “Mfuate mwenzako!” Basi. Hasahihishi, hakemei. La ajabu zaidi, hata sifa Spolin aliziogopa, maana anayengoja kusifiwa huacha kumwangalia mwenzake akaanza kumwangalia mwalimu. Mtu mwenye usonji aliyefika miaka 30 ameshasahihishwa maisha yake yote, nyumbani, shuleni, hospitalini. Kila ishara ya uso wake imepewa alama. Mpe dakika tano ambazo hakuna anayemhukumu, akili yake ikiwa imepewa kazi moja tu, ya kuufuata mkono. Huenda akakaa kimya muda mrefu kabla ya kusogeza kidole. Fundi wa kweli humngoja. Asiye fundi huingia kati akamshika mkono na kuuinua.

Damian Milton, msomi wa Uingereza ambaye mwenyewe ana usonji, aliandika mwaka 2012 kwamba kutoelewana kati ya wenye usonji na wengine kuna pande mbili: nasi wengine hatuwasomi wao. Kioo kinalijua jambo hilo tangu zamani. Msiweke duarani wenye usonji peke yao, basi. Waingie jirani, bosi, na shemeji asiyemaliza kusikiliza.

Kwa watoto wenye usonji, kuna wanaotumia maigizo namna hii. Blythe Corbett, aliyewahi kuwa mwigizaji kabla ya kuwa mwanasaikolojia, alianzisha SENSE Theatre, programu ya maigizo kwa watoto hao, mwaka 2009, na utafiti wake wa 2016 ulihusisha watoto na vijana 30 wa miaka 8 hadi 14. Na huyo wa miaka 40 je? Sheria ya elimu maalumu ya Marekani humshika mkono mtoto hadi miaka 21, katika majimbo mengi hadi afikishe 22, kisha humwachia barabarani. Anachokuta huko mara nyingi ni programu ya simu yenye picha za nyuso, abonyeze ipi imefurahi. Au semina ya siku moja, ambamo kioo huchezwa dakika tatu ili watu wachangamke kabla ya chai, kisha fomu zinagawiwa: umejifunza stadi ngapi? Ukimya wa yule aliyekuwa bado hajasogeza kidole hauna kisanduku katika fomu ile, na anayeiandaa ndiye anayeamua mwakani nani alipwe.