Msuli Siku ya Idi: Je, ni Vazi la Kike?

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na masahaba zake wote.

Ndugu msomaji, kila Idi inapokaribia, katika miji yetu hii ya Kilwa Kivinje, Kilwa Masoko, Mchinga na Lindi, hurudi neno lile lile. Vijana hukaa barazani wakashauriana watavaa nini baada ya Sala, watakapokwenda kuwaamkia wazee na kukusanyika kula pamoja. Wengine hutaka kanzu, wengine suruali na shati, na wako wasemao, "Na tuvae misuli, sote, ya namna moja." Hapo ndipo mzozo unapoanza. Huyu husema msuli ni nguo ya kulalia. Yule husema ni nguo ya mvuvi na mchukuzi, si nguo ya baraza. Na wa tatu, ambaye hupenda kusikilizwa kuliko wenziwe, husema: "Mwanamume hajifungi sketi. Mtume amewalaani wanaume wanaojifananisha na wanawake!"

Maneno mawili ya mwanzo ni ya kupenda na kutopenda, na kila mtu ana lake. Lakini neno la tatu limetaja laana, na laana haitajwi ovyo. Mtu akiitaja mbele ya watu, yatupasa tuipime kwa mizani ya elimu, tujue kama imemwangukia anayestahili au imemwangukia Muislamu asiye na kosa.

HADITHI NA MAANA YAKE

Hadithi yenyewe ni sahihi. Ameipokea Ibn Abbas (R.A.) na imo katika Bukhari. Hakuna ruhusa ya kuichezea wala kuipunguza. Suali ni moja tu: kujifananisha ni nini?

Lau kujifananisha kungekuwa ni kuvaa kila nguo isiyo na miguu miwili, basi kanzu nayo ingekuwa gauni, na maimamu wetu wote wangeingia katika laana hiyo siku ya Ijumaa juu ya mimbari. Hakuna mwenye akili asemaye hivyo. Hafidh Ibn Hajar al-Asqalani, aliyeisherehesha Bukhari na kufariki mwaka 1449, ameieleza vizuri hadithi hii. Ameonyesha kuwa umbo la nguo hutofautiana kwa desturi ya kila nchi, na kwamba wako watu ambao nguo za wanaume wao na za wanawake wao ni za umbo moja, ila wanawake hupambanuka kwa kujisitiri na hijabu yao. Kwa hivyo hakimu katika jambo hili ni desturi ya mahali. Tazama kwenu nguo hii ni ya nani, kisha ndipo utoe hukumu. Nao mafakihi wana kanuni mashuhuri ya kwamba ada hutegemewa katika kuhukumu pale ambapo sharia haikuweka mpaka maalumu.

Sasa tuulize pwani yetu. Msuli ni wa nani? Na kikoi, nduguye msuli, kile kizito cheupe chenye taraza ya rangi pembeni, ni cha nani? Mtoto mdogo wa Kivinje atakujibu kuwa ni vya baba na babu. Mama ana kanga na kaniki, baba ana msuli na kikoi. Hata namna ya kufunga ni mbali mbali: kanga hufungwa kifuani ikaandamana na ya pili ya kujitanda, na msuli hukunjwa kiunoni ukasokotwa. Neno "sketi" limekuja juzi pamoja na wageni, nao msuli umelikuta hapa. Kuuhukumu msuli kwa jina la sketi ni kumhukumu mwenyeji kwa desturi za mgeni.

NGUO YA MTUME NA NGUO YA HAJI

Mwenye shaka na aifikiri nguo ya Bwana Mtume mwenyewe. Aliipenda kanzu, kama alivyosimulia Bibi Ummu Salama (R.A.). Na mara nyingi alivaa izari na rida, yaani shuka ya kiunoni na shuka ya mabegani. Bibi Aisha (R.A.) alipotaka kuwaonyesha watu nguo alizofariki nazo Mtume, aliwatolea shuka nzito iliyofumwa Yaman na nguo moja ya juu iliyotiwa viraka. Sayyidna Abubakar (R.A.) naye alikuwa mtu wa izari, na ilimsumbua kama inavyomsumbua kila mvaa msuli asiyejua kukaza: upande mmoja ulikuwa ukimshuka mpaka auangalie. Akamshitakia Mtume, kwa kuwa alisikia onyo la wanaoburuta nguo zao. Mtume akamtuliza, akamwambia kuwa yeye si katika wafanyao hayo kwa kiburi. Je, tutasema Abubakar alivaa sketi?

Kisha tazama Haji. Aliyeingia katika Ihramu amekatazwa kuvaa kanzu, kilemba na suruali. Mfalme, waziri, tajiri wa Lindi na mvuvi wa Songo Mnara, wote hubakia na shuka mbili zisizoshonwa. Na hapa pana jambo la kuzingatia, ndugu msomaji. Asubuhi ya Idi kubwa, tarehe 10 Mfungo Tatu, saa ile ile ambayo sisi tunabishana barazani kwamba mwanamume hajifungi shuka, ndugu zetu mahujaji wamo njiani kwenda Mina kutupa mawe, nao wamejifunga shuka viunoni mwao.

SHUKA KATIKA HISTORIA YA PWANI

Ibn Battuta alipita pwani hii mwaka 1331. Alipofika Mogadishu aliletewa nguo za heshima za kuendea Sala ya Ijumaa: kilemba, nguo za juu, na futa ya kujifunga kiunoni badala ya suruali. Ameandika wazi kuwa watu wa mji ule hawakuzijua suruali. Na hao walikuwa kadhi, waziri na wakubwa wa mji, siyo wachukuzi wa bandarini.

Miaka 174 baadaye, mwaka 1505, Wareno chini ya Francisco de Almeida waliivamia na kuipora Kilwa Kisiwani. Mmoja katika waliofuatana na merikebu hizo alieleza mavazi ya watu aliowaona. Watumwa walikuwa na nguo kutoka kiunoni mpaka magotini. Mabwana zao walikuwa na nguo mbili za pamba, moja ya kiunoni iliyofika miguuni, na nyingine juu ya mabega. Pamba yenyewe ililimwa hapa hapa. Wachimbuzi waliofukua magofu ya Kisiwani katika karne ya 20 wameviokota vigurudumu vya udongo vya kusokotea nyuzi. Basi anayesema kuwa shuka ni nguo ya watu duni tu, historia yake ni fupi. Mabwana wa Kilwa walijifunga shuka. Waliachana na watumwa wao kwa urefu wa nguo na wingi wake tu.

UGONJWA ULIOFICHIKA

Naona, ndugu msomaji, kwamba mzozo huu wa msuli si wa dini hata kidogo. Dini imevishwa tu. Chini yake uko ugonjwa mkongwe wa pwani yetu, nao ni kumpima mtu kwa nguo yake.

Katika karne ya 19 Kilwa Kivinje ilikuwa bandari kubwa ya biashara ya watumwa. Katika zama hizo, pwani nzima, kanzu, kofia na viatu vilikuwa alama ya muungwana, na mtumwa hakuthubutu kuvivaa mbele ya bwana wake. Shuka ya kiunoni peke yake ikawa alama ya utwana. Utumwa ulipofutwa kwa sheria Tanganyika, mwaka 1922, watu walikuwa na haki ya kujivalia watakavyo, na wengi walikimbilia kanzu na kofia. Hawalaumiwi. Lakini dharau iliyokuwa ndani ya nyoyo haikufutwa na sheria ile. Imebaki, ikabadili maneno. Jana ilisema "nguo ya mtwana", leo yasema "nguo ya mchukuzi", na ikikosa hoja husema "nguo ya kike". Na katika neno hilo la mwisho mna dharau mbili, kwa maskini na kwa mama zetu.

Ibn Battuta ametuachia kisa cha mji wetu wenyewe. Sultani Hasan bin Sulaiman wa Kilwa, aliyeitwa Abul Mawahib kwa wingi wa ukarimu wake, alitoka katika Sala ya Ijumaa akienda kwake kwa miguu. Fakiri mmoja wa Yaman akamsimamisha njiani akamwomba nguo zile zile alizovaa, na akazitaka saa ile ile. Sultani akarudi, akaingia katika nyumba ya khatibu, akavaa nguo nyingine, na zile akampa fakiri. Watu wakamsifu mno. Kisha mwanawe akazirudisha nguo zile kwa fakiri kwa kumpa watumwa kumi. Sultani aliposikia akamwongezea watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Kisa hiki husomwa kwa ajili ya ukarimu wa Sultani, na ukarimu upo. Lakini nakuomba ukisome mara ya pili. Nguo za mtu mmoja zimepimwa kwa binadamu kumi! Huko ndiko kipimo cha nguo kinakowafikisha watu. Mwenyezi Mungu katika Suratul Aaraf, aya ya 26, ametutajia kuwa ametuteremshia nguo za kutusitiri na za pambo, kisha akatufahamisha kwamba vazi la ucha Mungu ndilo bora zaidi. Hakutaja kanzu wala suruali.

Wala tusidhani kuwa watu wengine wamesalimika na jambo hili. Waskoti, katika milima yao ya kaskazini, wana vazi la kiume la sufi ya miraba liitwalo kilti. Mwaka 1746, baada ya uasi, Bunge la Uingereza lililipiga marufuku kwa wanaume na watoto wa kiume. Kosa la kwanza lilikuwa kifungo cha miezi sita, na la pili kuhamishwa ng'ambo miaka saba. Marufuku ilidumu mpaka 1782. Leo hilo ndilo vazi lao la harusi na sikukuu. Hapa kwetu nako, mwishoni mwa miaka ya 1960, Wamaasai waliandamwa waache lubega wavae suruali. Aliye na nguvu, akitaka kumfanya mwenziwe ajione duni, huanza na nguo yake. Sisi hakuna anayetuandama, twajidharau wenyewe.

NASAHA KWA VIJANA

Baada ya kuutetea msuli, sina budi niwageukie wanaoutaka, kwani si kila kinachofanywa kwa jina lake ni chema.

Kwanza, stara. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, uchi wa mwanamume ni baina ya kitovu na magoti. Kilti ya Waskoti hukomea gotini, na mwenye kuketi au kurukuu nayo atafunuka. Msuli wa Muislamu na ushuke chini ya goti, usivuke vifundo vya miguu, usiwe mwembamba wa kuonyesha mwili, na ndani yake pawe na nguo ya kuhifadhi, hasa kwa asiyejua kuufunga.

Pili, kuna wanaojifunga kanga sikukuu, wakazifunga kifuani na kutembea kwa madaha ili watu wacheke. Hawa ndio hasa iliowalenga hadithi ya Ibn Abbas, na wasijifiche nyuma ya msuli wa babu zao.

Tatu, israfu na hariri. Sayyidna Umar (R.A.) aliona sokoni joho la hariri, akampendekezea Mtume alivae kwa Idi na kwa kupokea wajumbe. Mtume alilikataa. Alilolikataa ni hariri, wala hakumlaumu Umar kwa kutaka Idi ipambwe. Kujipamba siku ya Idi ni sunna, kwa kila mtu kadiri ya alichonacho.

Nne, na hili ndilo kubwa kwangu: hiyo "sare". Mkisema kila mtu anunue msuli wa namna moja, wa bei fulani, na asiyekuwa nao asije, mmeufanya msuli kuwa ile ile kanzu ya muungwana ya zamani. Atabaki nyumbani mwana wa mvuvi ambaye bahari haikumpa kitu wiki nzima, na watu watauliza mbona hakuonekana. Katika hadithi ya Ummu Atiyya (R.A.), wanawake walipoamrishwa kutoka kwenda kwenye Idi, mmoja aliuliza: itakuwaje kwa asiye na jilbabu? Mtume alijibu kuwa mwenziwe amvike katika ya kwake. Hakumruhusu akose Idi kwa kukosa nguo. Basi na nyinyi, kabla ya kuchagua rangi, hesabuni kwanza ni nani kati yenu hana, mumpatie kwa siri. Mkishindwa, ifuteni sare, kila mtu aje na alichonacho kilicho safi.

Na nyinyi wazee wenzangu, mkimwona kijana amekuja kuwaamkia kwa msuli safi, kofia na shati lililopigwa pasi, mpokeeni mkono, mumwombee dua. Msimrudishe mlangoni kwa laana ambayo Mtume hakuielekeza kwake.

Mwenyezi Mungu atuvishe vazi la ucha Mungu, atutoe dharau nyoyoni, na aturudishie Idi nyingi kwa heri na salama. Amin.

Wabillahi tawfiq.