Spektra na Mahali: Tahakiki ya Utambuzi wa Asili ya Sanqi kwa Mionzi ya Infraredi

Sanqi (Panax notoginseng) ni mmea ambao mizizi yake hutumika katika tiba ya jadi ya China, hasa kuzuia kutoka damu. Ile ya Wenshan, katika jimbo la Yunnan, husifiwa kuliko nyingine na huuzwa kwa jina la mahali pake. Kwa kuwa unga wa mzizi hauonyeshi kwa macho ulikochimbwa, watafiti wamegeukia spektroskopia ya infraredi: sampuli husagwa, hupimwa kwa dakika chache, kisha modeli ya kitakwimu hutaja eneo. Usahihi unaoripotiwa kwa mbinu za aina hii aghalabu ni wa juu. Swali ni iwapo usahihi huo unatokana na mahali au na mpangilio wa jaribio.

Msingi wa kifizikia hauna utata. Kati ya namba-wimbi 4000 na 400 kwa sentimita, vifungo vya kemikali hufyonza mionzi kulingana na mitetemo yake. Eneo la 1200 hadi 900 hutawaliwa na vifungo vya kabohaidreti. Hapo ndipo mashaka yanapoanzia, kwani mzizi wa sanqi una wanga mwingi, na wanga hubadilishwa na unyevu na joto. Ikiwa mizizi ya Wenshan ilikaushwa juani na ile ya Guangxi katika tanuri, modeli itaitenganisha barabara, ila kilichotenganishwa kitakuwa jua na tanuri.

Kasoro nzito zaidi imo katika kugawa sampuli. Spektra za mizizi ya shamba moja zinapotawanywa kwa bahati nasibu baina ya kundi la mafunzo na kundi la majaribio, modeli hutahiniwa kwa maswali iliyokwisha kuyaona. Kanuni ya Kennard na Stone ya mwaka 1969 haiondoi dosari hiyo: huchagua kwanza sampuli zilizo mbalimbali kabisa kwa ajili ya mafunzo, na kuacha za katikati, zilizo rahisi, kwa ajili ya majaribio. Jaribio la haki ni kuweka kando shamba zima au mwaka mzima wa mavuno. Ni kweli kwamba sanqi huvunwa kwa kawaida katika mwaka wa tatu, na subira hiyo haimo katika ratiba ya shahada ya uzamili.

Aidha, modeli za upambanuzi hulazimisha kila sampuli iingie katika mojawapo ya maeneo yaliyofunzwa. Mzizi kutoka mahali pasipofunzwa utapewa anwani isiyo yake. Mbinu ya SIMCA, inayoruhusu sampuli kukataliwa na makundi yote, ingefaa zaidi pale ambapo udanganyifu ndio unaotafutwa.

Suala hili lina uzito kwa wakulima. Ardhi iliyolimwa sanqi haikubali zao hilo tena kwa miaka mingi, kwa sababu ya maradhi ya udongo. Hivyo kilimo kimehamia Honghe, Qujing na Kunming. Mpaka wa Wenshan ni wa kiutawala, nao haukati udongo wala hali ya hewa. Modeli isiyojaribiwa kwa mashamba ya pande zote mbili za mpaka huo inaweza kumnyima mkulima wa ndani jina lake halali, na kumpa mfanyabiashara wa nje hati asiyostahili.