Nani alifundisha watu wasiamini Ebola?

Wenzangu wahitimu na wanafunzi, kila mara watu wa mbali wanapozungumzia Ebola ya Beni na Butembo, utasikia tu: "watu wa kule ni wakaidi, walikataa ugonjwa." Mimi nakataa maneno hayo. Kule kutoamini kulikuwa na sababu, na sehemu kubwa ya sababu ile ilitoka kwenye biro za serikali.

Tuangalie tarehe. Epidemia ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ikianzia Mangina. Mpaka mwisho wa mwaka tulikuwa tumezoea kuishi nayo: kunawa mikono na maji ya klori, kupimwa joto kwenye bariere. Lakini masoko yalikuwa wazi, makanisa yalijaa, na sisi wanafunzi wa agronomia hapa Butembo tulibanana kwenye mabenchi kama kawaida. Halafu tarehe 26 Desemba, siku 4 mbele ya uchaguzi, CENI ikatangaza kwamba Beni na Butembo hawatapiga kura mpaka mwezi wa tatu, juu ya Ebola na ukosefu wa usalama. Rais mupya aliapishwa tarehe 24 Januari 2019. Machi ilipofika, sisi tukachagua wabunge tu. Na kila mutu alijua kwamba eneo letu lilikuwa la upinzani.

Swali la mama wa soko lilikuwa rahisi: kama ninaruhusiwa kuuza mihogo katikati ya watu wote hawa, sababu gani siruhusiwi kutia karatasi moja ndani ya sanduku? Jibu la kueleweka halikuja. Kesho yake, kule Beni, waandamanaji wakashambulia kituo cha Ebola. Tarehe 30 Desemba wengine wakajipangia uchaguzi wao wenyewe, wakapanga mistari na kunawa mikono kwanza. Hawa ndio tuliambiwa hawajui ugonjwa.

Kuanzia pale Ebola iliingia politiki, na haikutoka tena. Mutu wa riposti akigonga mlango na chanjo mkononi, wenye nyumba waliona serikali iliyowanyima kura. Tena Beni walikuwa na swali lao la zamani: tangu Oktoba 2014 tunachinjwa, hatukuona magari mengi hivi, leo yametoka wapi? Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa ndani ya juma moja. Tarehe 19 Aprili daktari Richard Mouzoko, mutu wa Cameroun aliyekuja kutusaidia, aliuawa ndani ya hospitali Butembo. Sitetei wauaji hata kidogo, na makundi yenye silaha yalikuwa na hesabu zao. Lakini uamuzi ule uliwapa maneno ya kusema mbele ya raia.

Huko juu nako walikuwa wanavutana. Julai 2019 Rais aliondoa uongozi wa riposti kwa Waziri wa Afya Oly Ilunga, akaupa Profesa Muyembe. Waziri akajiuzulu. Walikuwa wanabishana pia juu ya chanjo ya pili. Machi 2020 waziri huyo alihukumiwa miaka 5 kwa kosa la kupoteza pesa za Ebola, zaidi ya dola 400,000, yeye alikana. Watu waliokuwa wakisema "biashara ya Ebola" wakaona walisema kweli. Epidemia ilipotangazwa kuisha tarehe 25 Juni 2020, ilikuwa imeua watu 2,287.

Sisi wa agronomia tunajua jambo hili shambani. Ule ugonjwa unaokausha migomba hauzuiwi na agronome. Unazuiwa na mkulima anayekubali kuvunja ua kwa kijiti na kupitisha panga kwa moto, hata siku ambayo hakuna mutu anamwangalia. Akikudhania mwongo, atakuitikia "ndiyo," na ukiondoka ataendelea na panga lake lile lile.

Kuna atakayesema usalama ulikuwa mbaya kweli. Ni kweli. Lakini usalama ulikuwa mbaya hata Machi, na tulipiga kura. Februari 2021 Ebola ilirudi Butembo, ikaisha Mei baada ya vifo 6. Chanjo ilikuwa tayari, ndiyo, lakini pia kazi iliongozwa na idara ya afya ya provensi, na wengi walioifanya ni watu wa hapa wanaojulikana mtaani.

Kesho itakuwa mvua, udongo kuporomoka, ao ugonjwa mwingine. Siku kiongozi atakapotumia janga kutunyima haki, sisi tuliosoma tumuulize mapema: sheria hii inafunga pia soko, kanisa na shule? Kama hapana, alete maelezo yake hapa Butembo, mbele ya watu, kabla ya kutia saini.